Majina Yaliyopigwa Mstari

Tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki cha yubile, tulifungua daftari la kwanza la kwaya yetu na kukuta majina mengi yamepigwa mstari. Wengine walihama, wengine wamelala katika Bwana. Lakini wako waliorudi nyuma, na tukikutana nao sokoni tunapita kama hatujawaona. Je, mlango umefungwa kwao?

Swali hili si geni. Kanisa la Afrika liliulizana zaidi ya miaka 1,750 iliyopita, huko Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Kaisari Decius alikuwa ameagiza watu watoe dhabihu kwa miungu ya Rumi na kupewa hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa juu ya mafunjo, zimepatikana Misri. Mwaka 250 Wakristo wengi walianguka. Wako waliotoa dhabihu, waliofukiza uvumba, na waliotoa hongo wapate hati bila kugusa madhabahu.

Askofu wao, Cyprian, aliandika kwa uchungu kwamba wengi walikimbilia madhabahuni hata kabla ya kukamatwa. Kwake, anguko lilianza zamani, wakati wa amani, watu walipopenda mali kuliko Mungu. Hapo tunaonywa sisi tuliosimama. Mtu haachi imani siku moja. Huanza kwa kukosa maombi, kisha mazoezi, kisha ibada, na sisi tunaandika tu "hayupo".

Mateso yalipopungua, walioanguka walirudi wakilia. Wengine walitaka wapokewe papo hapo, wakionyesha barua za kuwaombea kutoka kwa ndugu waliofungwa kwa ajili ya imani. Huko Rumi, kasisi Novatian alishika msimamo kwamba Kanisa lisiwapokee tena. Mwaka 251 Cyprian na maaskofu wenzake walikutana Carthage, wakakataa njia zote mbili. Walionunua hati wangepokewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa dhabihu wangedumu katika toba muda mrefu. Baadaye, mateso mapya yalipokaribia, waliodumu katika toba walipokewa ili wasiende vitani bila silaha.

Cyprian alijua neema hufanya nini. Aliwataja Castus na Aemilius, ambao mara ya kwanza walishindwa na moto, na mara ya pili wakaushinda. Yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa Decius, na watu walimlaumu. Lakini tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa kwa kukataa kumkana Kristo.

Waebrania sura ya 6 inatuonya vikali juu ya kuanguka, na hatuna ruhusa ya kulainisha onyo hilo. Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, kisha akakabidhiwa kondoo. Onyo limewekwa ili tusianguke. Neema ipo ili aliyeanguka asilale pale pale.

Tunakiri kosa letu. Tulikuwa wepesi wa kupiga mstari na wazito wa kubisha hodi. Wako walioacha kuja kwa aibu ya deni au ya ndoa iliyovunjika, wala hatukuwatembelea. Tukumbuke kwamba katika Walawi 25, mwaka wa yubile ni mwaka wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Hatuwezi kukata keki ya yubile na kusahau jambo hilo. Kwa hiyo tumenakili majina yale katika karatasi mpya, tukayagawa kwa sauti zote nne. Kila sauti itawatembelea watu wake, si kuwahukumu, bali kuomba nao.

Na wewe ambaye jina lako limo humo, kama kijitabu hiki kimekufikia, mazoezi bado ni Jumamosi alasiri. Karibu nyumbani.

Katibu, kwa niaba ya kwaya