Kiini Chenye Njaa: Historia ya Jeni Moja

Kliniki huwa naulizwa, "Sista, kama tumbo lina asidi ya kuua viini, mbona mtoto bado anahara damu?" Jibu liliwachukua wanasayansi miaka mingi, na walilipata vipande vipande.

Ndani ya bakteria mna jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoiongoza namna ya kuishi. Mwaka 1984 huko Kanada, Peter Loewen na Barbara Triggs walikuwa wakichunguza E. koli, bakteria ya matumboni. Walipata jeni ambayo ikiharibika, bakteria hushindwa kutengeneza kimeng'enya kimoja cha kuvunja haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ukisafisha kidonda. Wakaiita katF. Wafaransa walikuwa na jeni yao, appR. Wamarekani nao walikuwa na nur, iliyohusu kustahimili miale mikali. Kila mmoja alishika lake.

Mwaka 1991, mjini Konstanz, Ujerumani, Regine Hengge-Aronis na mwenzake Lange walikuwa wakitafuta jeni zinazoamka bakteria ikikosa chakula. Wakaonyesha kwamba yote hayo ni jeni moja tu! Wakapendekeza iitwe rpoS. Jeni hii ni kama nyapara: njaa ikiingia, huziamsha jeni nyingine nyingi kwa pamoja, na bakteria hujikaza dhidi ya joto, chumvi na asidi. Mimi hapo ndipo hushangaa. Sisi njaa hutudhoofisha, lakini kiini chenye njaa huwa sugu kuliko kilichoshiba.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba rpoS huisaidia E. koli, na pia Shigela, kustahimili asidi kali kama ya tumboni. Shigela ndiyo hiyo iletayo kuhara damu. Viini 10 hadi 100 tu vyaweza kutosha kumwangusha mtu, na vidole vinavyoonekana safi huvibeba vyote.

Kwa hiyo mama, usiliachie tumbo la mtoto kazi hiyo. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka utokapo chooni, ukishambadilisha mtoto nepi, na kabla ya kumlisha. Ukiona damu kwenye choo chake, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kumnyonyesha na kumpa maji ya ORS njiani.