Uongezaji wa kumbukumbu katika Macintosh 128K

Uongezaji wa kumbukumbu katika Macintosh 128K ni kazi ya kubadilisha chipu za RAM katika kompyuta ya kwanza ya Macintosh, ili kumbukumbu yake ipande kutoka kilobaiti (KB) 128 hadi KB 512. Kompyuta hiyo ilitolewa na kampuni ya Apple nchini Marekani tarehe 24 Januari 1984.

Sababu

KB 128 hazikutosha kwa muda mrefu. Picha ya skrini peke yake, yenye nukta 512 kwa 342, ilichukua baiti 21,888; sehemu iliyobaki iligawanywa kati ya mfumo wa uendeshaji, programu na kazi ya mtumiaji. Aliyetaka kunakili disketi ya KB 400 alilazimika kuitoa na kuirudisha mara nyingi, kwa kuwa RAM ilibeba kipande kidogo tu kwa wakati mmoja.

Mashine haikuwa na nafasi ya kuchomeka kumbukumbu ya ziada. Burrell Smith, mhandisi aliyesanifu ubao mama, alipendekeza kuweka njia chache za umeme zitakazowezesha kutumia chipu kubwa zaidi baadaye. Steve Jobs alipinga, kwa kuwa hakutaka wateja waguse sehemu za ndani. Hata hivyo njia hizo ziliwekwa, kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo mno.

Namna inavyofanyika

Ubao mama una chipu 16 za RAM, kila moja ikiwa na kilobiti 64. Jumla ni kilobiti 1,024, yaani KB 128. Zikiwekwa chipu 16 za kilobiti 256, jumla inakuwa KB 512.

Chipu ya kilobiti 64 hupokea anwani kupitia miguu 8 inayotumika mara mbili: kwanza kwa safu mlalo, kisha kwa safu wima. Hivyo hufikia mahali 65,536. Chipu ya kilobiti 256 huhitaji mguu wa tisa, na hufikia mahali 262,144. Mguu huo ni ule wa kwanza, ambao katika chipu ndogo haukuwa na kazi. Ili kuulisha anwani, huongezwa chipu moja ndogo na vipuri vichache. Programu zilizo katika ROM hazibadilishwi, kwani hupima ukubwa wa RAM kila mashine inapowashwa.

Mnamo Januari 1985 jarida la Dr. Dobb's Journal lilichapisha maelekezo ya kazi hii kwa wasomaji wake.

Hatari

Tyubu ya skrini hutumia umeme wa maelfu ya volti, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Chipu za zamani zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao: kila moja ina miguu 16, hivyo ni miguu 256 ya kufungua. Joto likizidi, njia za shaba hubanduka na ubao huharibika. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hukata miguu kwanza, hutoa kila mguu peke yake, kisha hulehemu soketi badala ya chipu zenyewe.

Baadaye

Apple yenyewe ilitoa Macintosh 512K mnamo Septemba 1984. Macintosh Plus ya Januari 1986 ilikuja na megabaiti 1 katika kadi za kuchomeka, na mtumiaji aliweza kuifikisha megabaiti 4 bila kulehemu RAM.