Chano Pozo na ngoma iliyovuka bahari

Wanafunzi wetu wakisikia "jazz" wanafikiri ni jina la orkestra tu: African Jazz ya 1953, OK Jazz ya 1956. Hawana kosa kubwa. Lakini jazz yenyewe ilizaliwa Marekani, na kwa miaka mingi ilikosa karibu kabisa kitu chenye sisi tuko nacho kila kijiji: ngoma ya kupigwa kwa mikono.

Sababu ni ya kale. Mwaka wa 1739 watumwa wa Carolina ya Kusini waliasi, wakatembea wakipiga ngoma. Wengi wao walitoka pande za Kongo na Angola. Mwaka wa 1740 sheria ikawakataza watumwa ngoma. Cuba haikuwa vile. Kule Waafrika waliachiwa vyama vyao, na wazao wa Wakongo wangali wanaita chombo chao ngoma, sawa sisi. Ile tumba ya orkestra zetu ni mtoto wa ngoma hizo.

Luciano Pozo, aliyeitwa Chano, alizaliwa Havana mwaka wa 1915, katika umaskini. Nota za muziki hakuzijua. Mtu wa namna hii, sisi walimu tungemwandikia "dhaifu" kwenye buletini! Lakini alitunga nyimbo, aliimba, alicheza, na tumba ilimtii. Mwaka wa 1947, huko New York, Mcuba mwenzake Mario Bauzá alimjulisha kwa Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta. Tarehe 29 Septemba wakapiga pamoja Carnegie Hall.

Kisha ukaja wimbo Manteca. Chano alimwimbia Dizzy sehemu kwa sehemu: besi hivi, tarumbeta hivi. Dizzy akaongeza kipande cha katikati, Gil Fuller akaandika nota, wakaurekodi Desemba ileile. Mmoja alisema Kihispania, mwingine Kiingereza. Dizzy alipenda kusimulia kwamba, kwa maneno ya Chano, wote wawili walisema Kiafrika. Sisi hatuoni mzaha hapo: kufundishana muziki kwa mdomo, wazee wetu wanafanya vile mpaka leo.

Haikudumu. Tarehe 2 Desemba 1948 Chano alipigwa risasi ndani ya baa moja ya Harlem, sababu ya ugomvi wa bangi. Alikuwa na miaka 33.

Miaka ileile, huku Léopoldville, santuri za Cuba zenye alama ya GV zilikuwa zinalia, na vijana wetu wakaitambua ile ngoma.