Jiwe la Babu la Kuzuia Mlango

Leo hakuna vichekesho, tunaongea mawe.

Kwetu Voi ukisema mawe, mtu anafikiria pesa moja kwa moja. Kila mtaa una mjomba aliyewahi kwenda Kasigau ama Kuranze kuchimba, akarudi na kokoto za kijani ndani ya karatasi ya nailoni na hadithi ndefu ya vile alikaribia kuwa tajiri. Kwa hivyo nilipoweka video fupi ya jiwe ambalo babu yangu huko Werugha hutumia kuzuia mlango wa jiko, nilijua mtaniuliza, "Hiyo ni ya ngapi?" Sikujua kuna mtu angetaja bei.

Jiwe lenyewe ni kubwa kama kisahani cha chai, la kijivu, limejizungusha kama chapati iliyosokotwa kabla haijasukumwa. Babu aliliokota miaka ya sabini, akiwa kwenye genge la kukarabati reli upande wa Miritini. Alilipenda tu. Akalibeba kwa treni hadi Voi, akapanda nalo milimani, na tangu hapo limezuia mlango. Mama yangu amekulia hapo na jiwe hilo, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nini.

Jamaa akaingia inboksi. "15,000. Lifunge vizuri, lipe basi, nitatuma pesa kabla." Wasee, 15,000! Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kodi ya nyumba inanikodolea macho. Nililifunga kwa sweta siku hiyo hiyo. Nikaanza kusoma usiku. Sitawadanganya kwamba uzalendo ulinishika. Nilishuku ananipunja.

Basi jiwe linaitwa amonaiti. Kiswahili cha vitabuni mabaki kama haya huitwa visukuku, ingawa mtaani wote tunasema fosili. Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, jamaa ya ngisi na pweza, ila yeye alibeba nyumba ya gamba mgongoni. Ukoo wao wote uliisha miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule dainosa walipomalizika. Hawa wa upande wa Miritini na Changamwe ni wa kipindi cha Jurasiki, miaka kama milioni 150 na ushee. Unamtambua kwa mizunguko inayozidi kupanuka ikienda nje, kwa mbavu zinazokata mizunguko hiyo, na gamba la juu likiwa limekwanguka, utaona mistari iliyojipinda kama kingo za jani. Hiyo ni mishono ya vyumba vya ndani ya gamba. Jiwe la kawaida halina mishono.

Nasema hivyo kwa sababu tangu video ile mmenitumia picha nyingi, na nyingi si visukuku. Yale mawe yenye "majani" meusi membamba, kama feni ya msituni, ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa wa jiwe yakajichora yenyewe. Maridadi, ndiyo, lakini hakuna mmea hapo. Na ukiokota jiwe lako Voi, Mwatate ama Sagalla, pole sana. Miamba ya milima yetu ilipikwa ndani ya ardhi kwa joto na uzito wa kutisha zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Jiko hilo ndilo lililotupa vito. Jiko hilo hilo haliwezi kuacha jani wala gamba.

Lakini panda matatu ya kwenda Mombasa, na safari hii usilale. Kutoka Voi hadi Maungu bado uko kwenye jiwe lililopikwa. Ukikaribia Mackinnon Road (ya Kwale ama ya kwetu, vita hivyo nawaachia wanasiasa) na kuingia Taru, unapanda juu ya mchanga na matope yaliyolala hapo kabla ya dainosa kuwepo. Mbele kidogo, Maji ya Chumvi, kuna mawe ya tabaka tabaka ambamo wamepatikana samaki wa miaka kama milioni 250. Samaki, pale unaponunua maji ya chupa kwa sababu ya ukame! Mazeras kuna mbao za miti ya kale zilizogeuka jiwe. Kisha chokaa ya bahari, kisha yale matope ya amonaiti wa babu, na ukivuka kuingia kisiwani unakanyaga matumbawe ya juzi tu, ya miaka kama 125,000. Kila unavyokaribia bahari, ardhi inazidi kuwa changa. Kilomita kama 150, mamia ya mamilioni ya miaka, na kondakta anakuuliza kama una chenji.

Sasa, nani aliokota kwanza? Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Mwaka 1877 Mjerumani mmoja, Johann Maria Hildebrandt, mkusanyaji wa mimea na chochote kile, alipita hizi njia zetu. Alifika hadi Ndi, hapo hapo karibu na Voi, akichuma mimea. Amonaiti aliotuma kutoka Mombasa walisomwa Berlin na Ernst Beyrich mwaka huo huo. Yaani mnyama wa Changamwe alitambulishwa kwa dunia kwa Kijerumani, na watu wa Changamwe hawakuambiwa. Halafu reli ikaanza kujengwa Mombasa 1896, ikakata vilima. Miaka ya baadaye akaja mwanamke ambaye nimempenda bila kutaka, Miss M. McKinnon Wood. Alizunguka pwani ya Kenya akikusanya visukuku na mawe, na Chuo Kikuu cha Glasgow kikatoa kitabu kizima juu ya mkusanyo wake mwaka 1930, kikarudia tena 1938 kwa mkusanyo wa pili. Jina lake liko kwenye jalada. Mabega yaliyobeba yale mawe hayako kwenye jalada.

Jirani zetu wa Tanzania wanaijua hadithi hii kwa ukubwa zaidi. Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walitoa mifupa ya dainosa kwa mamia ya tani, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandarini. Mmoja wa dainosa hao amesimama Berlin mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ilichukua mpaka 2007 dainosa mmoja wa Tendaguru apewe jina lake, Australodocus bohetii.

Nilimpigia babu kumsimulia haya yote. Nilitarajia acheke. Akanyamaza, kisha akasema, "Si mawe tu walibeba."

Wadawida wanaelewa. Kwa wasiojua: zamani kwetu, mzee akishazikwa na muda kupita, fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa na wenzake chini ya mwamba, ngomenyi. Watu walienda pale kuongea na wazee wao, mvua ikikataa, mtoto akiugua. Sasa, mwaka 1931 jarida moja la Uingereza lilichapisha vipimo vya mafuvu kutoka Kenya, na ya Wataita yalikuwa humo. Baadaye mtaalamu wa Harvard, William Howells, alipima mafuvu 83 akayaweka kwenye orodha yake ya dunia nzima kwa jina Teita. Orodha hiyo bado inatumika. Mwanafunzi popote duniani anaweza kupakua upana wa paji la uso wa babu wa babu yangu.

Najua fuvu la mzee si amonaiti. Amonaiti hana wajukuu wa kumlilia. Lakini mkono unaoingia kwenye mfuko ni ule ule: mtu anaona kitu, anakitaka, anakibeba, na anayebaki nyuma anabaki na shimo. Nikaliangalia lile sweta pale mezani nikaona mkono wenyewe safari hii ni wangu.

Halafu kuna sheria. Wenzangu wa Uingereza wanaenda ufukweni wikendi na nyundo, wanaokota amonaiti, wanarudi nayo nyumbani, hobi safi. Nilitaka sana kuwaambia tuanzishe yetu, tukutane Taru Jumamosi. Hapana. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inataka kibali kwa anayetafuta vitu hivi, hata akiokota juu juu tu, na ukivumbua kitu una siku 7 za kuwajulisha Makavazi. Kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine, na nyingine, mpaka ile ya wakoloni ya 1934. Kwa hivyo babu yangu, mzee wa kanisa, amekaa na mali ya serikali jikoni miaka hamsini.

Mimi sheria hii inanikera na naitetea kwa wakati mmoja. Inanikera kwa sababu mtoto wa Taru anayekanyaga visukuku akienda shule hana jinsi rahisi ya kuvipenda. Kuvijua kunaanza na kuokota, kugeuza, kulowesha kwa maji uone mistari. Naitetea kwa sababu jamaa wa inboksi yupo, na jiwe likiuzwa bila kusemwa lilitoka wapi, linabaki pambo. Mahali lilipolala ndiyo nusu ya habari yake.

Kinachowezekana ni hiki: piga picha, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa, andika mahali, liache lilipo, toa habari. Kamoya Kimeu alikuwa mtoto wa Ukambani ambaye shule yake iliishia msingi. Alianza kama kibarua kwa akina Leakey, akajifunza kuangalia ardhi kuliko maprofesa. Mwaka 1984 kule Nariokotome, Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto nyeusi, na kikafuatwa na karibu mifupa yote ya kijana wa miaka kama milioni 1.5. Chuo cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari 2021, mwaka mmoja kabla hajafa. Mimi, niliyeacha chuo, nimesoma maisha yake mara tatu.

Na kwa wanaouliza Taita Taveta tuna nini chetu: mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya Ziwa Chala, hapo juu ya Taveta, wakavuta tope la urefu wa zaidi ya mita 200. Ndani yake kuna chavua za mimea, zimelala tabaka juu ya tabaka kwa takribani miaka 250,000. Majani na nyasi za kwetu, hesabu ya kila mvua na kila ukame. Kwa macho huoni kitu, ni tope tu. Nitafanya video yake nikipata nauli.

Jamaa wa inboksi nimemjibu hapana. Amepandisha hadi 22,000, nimemfungia. Jumatatu nalipeleka jiwe Fort Jesus, ambayo kuta zake zimejengwa kwa matumbawe, yaani nitakabidhi kisukuku ndani ya visukuku. Nimeandika kwa karatasi kila anachokumbuka babu: Miritini, pembeni ya reli, baada ya mvua kubwa, mchana.

Yeye ana swali moja tu, kama watampa risiti. Mlango kwa sasa unazuiwa na betri mbovu ya gari, na nyanya analalamika kwamba inachafua sakafu.