Hati Ina Jina la Nani?

Wasee, kuna kisa kilitokea mtaani kwetu. Jumamosi asubuhi jamaa mgeni alifika kwa geti ya jirani akiwa na hatimiliki mkononi. Akamwambia mama wa hiyo nyumba ahame, kwa sababu mzee wake alikuwa ameuza kimyakimya. Mama ameishi pale miaka 19. Tenki la maji alinunua na pesa ya chama, na watoto wote alilelea hapo. Majirani wakasema, "Hati haina jina lake, basi hana chake." Hata mimi niliitikia. Baadaye nilipoenda kusoma, nikagundua tulikuwa tunarudia maneno ya zamani sana.

Turudi kidogo 1954. Vita vya Mau Mau vikiendelea, serikali ya mkoloni ilileta Mpango wa Swynnerton: mashamba ya Waafrika yapimwe, yaunganishwe, yapewe hati. Kwa kawaida jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamume, mwenye boma. Mama aliyelima shamba hilo kila msimu hakuandikwa. Halafu sheria ya usajili wa ardhi ya 1963 ikasema aliyeandikwa ndiye mwenye mali kamili. Shamba la kilimo angalau lilihitaji idhini ya bodi ya ardhi kuanzia 1967, na mke angeweza kwenda huko kulia. Ploti ya mjini je? Hapakuwa na bodi ya kumsikiza.

Na wakiachana, korti zetu zilitumia sheria ya Uingereza ya 1882. Ndiyo, 1882! Mwaka 2007, kwenye kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ilisema kuwa mke peke yake hakukupi fungu. Lazima uonyeshe ulichangia mali kununuliwa. Kupika, kuosha na kulea havikuhesabiwa.

Mambo yalibadilika na Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema wanandoa wako na haki sawa, wakati wa ndoa na inapovunjika. Kisha ikaja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kwa ndoa ya mke mmoja, nyumba ya familia haiuzwi, haipeanwi zawadi wala kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali. Mwenzako hawezi kukufukuza bila amri ya korti. Na kazi ya nyumbani na kulea watoto sasa ni mchango. Sheria hii inalinda mume pia, hati ikiwa na jina la mke.

Lakini hapa ndipo watu wengi hulala. Zamani kidogo, sheria ya 2012 iliorodhesha haki za mwanandoa kati ya zile zinazofuata ardhi hata kama hazijaandikwa kwenye rejista. Mwaka 2016 Bunge liliondoa hiyo sehemu. Kwa hivyo usipoweka tahadhari kwa ofisi ya ardhi mapema, mnunuzi atakuja kortini na hoja yake: "Mimi sikujua kuna mke." Bado unaweza kupigana, kwa sababu hati iliyopatikana kwa ulaghai au kwa njia haramu inaweza kufutwa. Ila itakugharimu wakili, miaka na usingizi.

Jirani yetu yuko kwa hiyo barabara sasa. Ana cheti cha ndoa, na kesi iko kortini. Angekuwa ameweka tahadhari, yule jamaa angeiona alipotafuta rekodi za ploti, na pengine hangelipa hata shilingi.

Maoni yangu ni haya: sheria ilishatoka kwa mkoloni, ni sisi tumebaki huko. Bado tunaona mama akiuliza kuhusu hati kama mtu anayetaka kuua mzee. Sajilini ndoa zenu, hata ya kienyeji. Andikeni majina mawili. Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa mathe, uliza leo hati ya kwenu ina jina la nani, kabla mgeni hajabisha geti.