Mbegu ya Maharage ni Mali ya Nani?

Sisi tuliopitia shule za bweni tuliyajua maharage kabla hatujaijua historia yake. Yalikuja na ugali mchana, yakarudi na ugali jioni, nasi tukayalalamikia miaka yote. Sikumbuki mwalimu yeyote, wa sayansi wala wa historia, aliyetuuliza chakula kile kilitoka wapi, au ni nani aliyekichagua hata kikawa kilivyo. Leo ninapofundisha, swali hilo hunirudia mara kwa mara, maana ndani yake mna swali la kisiasa: ujuzi wa chakula ni wa nani, na nani hunufaika nao?

Tuanze na asili. Maharage haya tunayoyaita ya kwetu ni mgeni. Yalianza kulimwa Amerika, tena katika maeneo mawili mbalimbali: upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, na upande wa milima ya Andes. Afrika Mashariki ilikuwa na kunde, fiwi na mbaazi kabla yake. Maharage yaliingia baada ya Wareno kufika pwani, yaani kuanzia karne ya 16, na kutoka huko yakapanda hadi nyanda za juu. Hayakuhitaji amri ya serikali wala bwana shamba. Yalikubali kupandwa kati ya mahindi na chini ya migomba, yalikomaa kwa takriban miezi mitatu, yalihifadhika yakikauka, na yalimpa mtu asiyemudu nyama protini ya kutosha. Rwanda na Burundi zikawa miongoni mwa nchi zinazokula maharage kwa wingi kuliko karibu nchi zote duniani.

Mafanikio hayo yalikuwa kazi ya wakulima, na hasa ya wanawake. Nchini Rwanda, kwa desturi mkulima hakupanda aina moja tu. Alipanda mchanganyiko wa aina nyingi zenye rangi na ukubwa tofauti, akiupunguza au kuuongeza kwa kufuata udongo, mvua na kivuli cha migomba. Mvua ilipozidi, baadhi ya aina zilioza na nyingine zilistahimili, na familia haikukosa mboga. Mtaalamu aliyezoea shamba la aina moja angeweza kuuona mchanganyiko huo kuwa ni vurugu, kumbe ulikuwa bima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa taasisi ya kilimo ya Rwanda walishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki (CIAT), chenye makao yake Kolombia, kufanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Desturi ilikuwa wataalamu kuchuja aina za maharage kwa miaka kadhaa, kisha kumletea mkulima zile chache zilizobaki. Safari hii, wakulima waliosifika vijijini mwao kwa kuijua mbegu, wengi wao wanawake, waliitwa mapema kwenye kituo cha utafiti cha Rubona wachague wenyewe. Walichagua kwa vigezo ambavyo daftari la mtafiti halikuwa navyo vyote. Zilipopandwa katika mashamba yao, aina walizozichagua zilifanya vizuri kuliko zile walizochaguliwa na wataalamu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari yalipokoma, ilihofiwa kwamba hazina ile ya mbegu ilikuwa imeangamia pamoja na wenyewe. CIAT na taasisi nyingine zikaanzisha mpango wa kuzalisha upya mbegu za Rwanda na kuzirudisha nchini. Ulikuwa mpango wa heri, nami siudharau. Lakini watafiti walipochunguza hali vijijini, walikuta sehemu kubwa ya aina hizo ingalipo. Wakulima walikuwa wamezinusuru, na masoko ya vijijini yaliendelea kuzizungusha. Tatizo la wengi halikuwa kutoweka kwa mbegu, bali kukosa fedha za kuinunua.

Kama wakulima wana uwezo huo wa kuchagua na kuhifadhi, sheria huwatambua vipi? Kisa cha huko Meksiko, yalikoanzia maharage, kinajibu kwa uchungu. Mwaka 1994 Mmarekani Larry Proctor alinunua huko mfuko wa maharage mchanganyiko. Akayachambua ya njano, akayapanda Colorado kwa misimu michache, akayapa jina Enola, na mwaka 1999 akapewa hataza. Kwa hati hiyo akawadai fedha wafanyabiashara walioingiza Marekani maharage ya njano kutoka Meksiko, ambako watu walikuwa wakiyala miaka mingi. CIAT ilipinga mwaka 2000, ikionyesha kwamba benki yake ya mbegu ilikuwa na maharage yanayolingana na hayo. Baadaye vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba Enola haikuwa kitu kipya. Hata hivyo, mahakama ya rufaa ya Marekani ilifunga shauri hilo mwaka 2009 tu. Yaani miaka 10 ilipita kabla ya haki kutamkwa, na biashara ya wakulima ilikuwa imekwisha kuumia.

Sisi nasi tunayo maharage ya njano. Kituo cha Uyole, Mbeya, kimetoa aina iitwayo Njano Uyole, na watafiti wa Uyole, Selian na Sokoine wamefanya kazi ya kuheshimika kutafuta mbegu zinazohimili magonjwa. Mwaka 2012 tulitunga sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 tukajiunga na mkataba wa kimataifa wa UPOV. Sipingi mtafiti kulindwa. Ninachosema ni kwamba mkataba huo unamtaka anayeuza mbegu iliyolindwa apate idhini ya mwenye haki, ilhali maharage yetu yameishi kwa kupeanwa, kubadilishana na kuuzwa kwa kopo sokoni. Watumishi wa umma mnaoandika kanuni, liwekeni jambo hilo mbele yenu. Aina za asili ziorodheshwe pamoja na vijiji vilivyozitunza, ili asije mtu kuziita uvumbuzi wake. Na mkulima aitwe kituoni mapema, kama ilivyofanyika Rubona.

Likizo hii nimewapa wanafunzi wangu kazi moja: kila mmoja aende kwa bibi yake, aandike majina ya maharage anayoyajua, na sababu ya kila moja kupandwa. Nasubiri madaftari hayo kwa hamu.