Vita ya Hitla Ilipofika Rongai

Nikisema natoka Rongai, watu wa Nairobi huanza kunipigia stori za matatu zenye muziki wa kupasua masikio. Si hiyo bana. Rongai yangu iko Nakuru, kwenye reli ya kwenda Eldoret, katikati ya mahindi, na ukishuka kuelekea Mogotio unakutana na mkonge. Hakuna mtu aliyerusha bomu hapa kati ya 1939 na 1945. Lakini vita vilifika, na vilifika kwanza kama maneno na picha.

Serikali ya kikoloni ilihitaji maneno hayo kwa sababu watu walikuwa bado wanakumbuka vita vya kwanza. Kati ya 1914 na 1918 wapagazi wa Kariakor walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa. Ukienda soko la Kariokor leo, jina lao ndilo hilo. Sasa utamwambiaje mtu ambaye kakake hakurudi kwamba zamu yake imefika?

Kwa hivyo ikaundwa ofisi ya habari. Mwaka wa 1939 gazeti la Kiswahili, Baraza, likaanza kutoka Nairobi. Redio ikatangaza, magari ya sinema yakazunguka mashambani. Kilichonivutia zaidi ni kikosi cha propaganda cha jeshi kilichoongozwa na Alec Dickson, yule ambaye mwaka wa 1958 angeanzisha shirika la kujitolea la VSO. Kikosi hicho kilikuwa cha askari Waafrika waliosafiri kwa malori kutoka wilaya hadi wilaya, wakipiga gwaride, wakifanya mazoezi ya viungo na kuonyesha silaha. Yaani, bango lenye miguu. Dickson alielewa kwamba kijana asiyesoma gazeti ataamini mwili wa kijana mwenzake aliyeshiba, aliyevaa viatu.

Mabango ya karatasi nayo yalikuwepo. Wizara ya Habari ya Uingereza ilichapisha mfululizo ulioitwa kwa Kiingereza "Our Allies the Colonies", washirika wetu makoloni, na mmojawapo wa waliochorwa ni askari wa King's African Rifles. Mimi hukwama kwenye hilo neno "washirika". Mshirika huulizwa kwanza. Mshirika hugawiwa kinachopatikana.

Tuangalie basi ushirika ulivyokuwa huku kwetu. Mwaka wa 1942 Japani iliteka Ufilipino na Indonesia, na kamba za Waingereza zikategemea mkonge wa Afrika Mashariki. Japani hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa pareto, ua la kuulia wadudu, na majeshi yalikuwa yakipigana kwenye mbu na chawa. Ghafla mashamba ya Nakuru yakawa sehemu ya vita. Mwaka huohuo sheria ikaruhusu Waafrika wakamatwe kwa nguvu na kupelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya watu binafsi, ya masetla, kwa jina la vita. Aliyetoroka aliadhibiwa. Setla alihakikishiwa mapato ya mazao yake, na mahindi yake yakanunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya Mwafrika. Mwaka wa 1943 njaa ikaingia, ile Wakikuyu wanayoiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo.

Askari alipata bango. Mtu aliyeinama kwenye pareto, kipande shingoni, sidhani alichorwa na yeyote.

Lakini propaganda ina hatari moja kwa anayeitoa: watu husikiliza. Ukiwaambia kwa miaka sita kwamba wanapigania uhuru, wataudai. Waruhiu Itote alipigana Burma, na katika kitabu chake cha 1967, Mau Mau General, anaeleza jinsi mazungumzo ya huko yalivyomfanya ajiulize anapigania nchi ya nani. Aliporudi, wanajeshi wazungu walikuwa wanatengewa mashamba katika nyanda za juu. Waafrika waliopigana vita hivyohivyo hawakutengewa. Maskwota wa Bonde la Ufa waliongezewa siku za kumfanyia setla kazi na kupunguziwa mifugo. Kule Olenguruone, magharibi mwa Nakuru, familia zilizokataa masharti ya serikali zilifurushwa kufikia 1950. Miaka miwili baadaye hali ya hatari ikatangazwa, na Itote alikuwa msituni akiitwa Jenerali China.

Wanaosema Mau Mau ilitokea tu ghafla, waanzie hapa.

Siku hizi mabango bado yanakuja Rongai, hasa msimu wa kura, na yote yanasema tuko pamoja. Mimi huyasoma nikiwa na swali moja la mwaka wa 1942: mahindi ya nani yananunuliwa kwa bei gani?